John Basilone, sajenti aliyekuwa na ruhusa ya kubaki nyumbani akarudi vitani

Sehemu ya nane ya filamu ya mfululizo The Pacific inaitwa Iwo Jima, jina la kisiwa. Mtu anayeifungua akitazamia saa nzima ya milio ya risasi atashangaa. Kwa muda mrefu anaonyeshwa kambi ya mazoezi huko California, vijana wanaofundishwa kubeba silaha nzito, na mwanamke mwenye sare ambaye hataki kabisa kuonekana anamkimbilia mwanaume maarufu. Kisha ndoa. Vita vinakuja mwishoni tu, kwa dakika chache, juu ya mchanga mweusi ambamo askari wanazama miguu. Ndani ya dakika hizo, sajenti ambaye mtazamaji amekwisha kumzoea anaanguka na hainuki tena.

Mfululizo huo wa sehemu kumi ulitolewa na HBO ya Marekani mwaka wa 2010, na Steven Spielberg na Tom Hanks walikuwa kati ya watayarishaji wake. Wengi wanaoutazama leo kwenye simu zao wanadhani sajenti huyo alitungwa. Hakutungwa. Jina lake ni John Basilone, na mambo makubwa ya maisha yake yalipita karibu vile yanavyoonyeshwa, isipokuwa machache tutakayoyagusa hapa.

Alizaliwa tarehe 4 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1916 katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, lakini alikulia Raritan, mji mdogo wa New Jersey. Alikuwa mtoto wa sita kati ya watoto kumi. Baba yake, Salvatore, alikuwa fundi wa kushona nguo aliyehama kutoka Italia. Mama yake, Dora, alizaliwa Marekani katika familia ya Waitalia vilevile. Masomo hayakumshika. Aliacha shule baada ya darasa la nane, akawa anapata pesa kidogo kwa kuwabebea matajiri mifuko ya fimbo za gofu.

Mwaka wa 1934, akiwa bado hajafika miaka 18, aliingia jeshi la nchi kavu. Alipelekwa Ufilipino, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Marekani, na huko Manila akajulikana kwa mchezo wa boksi. Ndipo lilipotoka jina la utani Manila John, ambalo wenzake walilitumia hadi siku ya mwisho. Alipomaliza miaka yake mitatu alirudi nyumbani, akaendesha lori huko Maryland, na kazi hiyo ikamchosha. Mwaka wa 1940 akajiandikisha tena, safari hii katika kikosi cha wanamaji wa nchi kavu ambao Wamarekani wanawaita Marines. Inasemekana alitumaini watamrudisha Manila. Hakuiona Manila tena.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1941 Japani ilipiga Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani. Miezi minane baadaye Marines walishuka kwenye kisiwa cha Guadalcanal, katika visiwa vya Solomon, wakakamata kiwanja cha ndege ambacho Wajapani walikuwa wanakaribia kukimaliza. Wakakiita Henderson Field. Vita vyote vya Guadalcanal, msomaji, vilikuwa ni vya kugombea njia hiyo moja ya ndege. Anayeishika ndiye anayeamuru bahari mchana. Watu wa mashariki mwa Congo hawahitaji kuelezwa sana kwa nini majeshi yanakufa kwa ajili ya kiwanja cha ndege.

Basilone alifika huko mwezi wa tisa mwaka wa 1942 pamoja na rejimenti ya saba. Alikuwa sajenti, chini ya komanda wa batayo aliyeitwa Lewis Puller, mtu mwenye jina kubwa katika historia ya Marines. Yeye Basilone aliongoza makundi mawili ya bunduki za rashasha nzito, zile zinazopozwa kwa maji. Bunduki hiyo ni mzigo wa watu kadhaa: mmoja anabeba bunduki, mwingine miguu yake mitatu, wengine masanduku ya risasi na maji. Ikikosa maji inachemka. Ikikosa risasi inageuka chuma cha bure.

Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 mwezi wa kumi mvua ilikuwa imenyesha sana, na askari wa divisheni ya Sendai wakatoka msituni kuushambulia mstari wa Puller. Walikuwa wametembea siku nyingi katika matope, wakifungua njia kwa mapanga, wengine wakiwa na njaa, na waliamriwa kukirudisha kiwanja cha ndege usiku huo. Walikuja kwa mawimbi, kundi baada ya kundi. Bunduki za upande mmoja wa Basilone zilinyamazishwa, wapigaji wake wakaumizwa au kuuawa, na wakabaki wawili tu wenye nguvu ya kuendelea. Basilone alibeba bunduki nyingine mgongoni, akaipeleka kwenye pengo lile. Akatengeneza iliyoharibika, gizani, chini ya risasi, kisha akalala nyuma yake akapiga. Wanaojua silaha hizo wanasema kwamba kuitengeneza rashasha gizani kwa kupapasa kwa vidole ni kazi ya mtu aliyeifungua na kuifunga mara mia, na ndivyo alivyokuwa.

Kisha risasi zikaelekea kwisha, na njia ya kuzifuata nyuma ilikuwa imekatwa na adui. Alikwenda mwenyewe, akapita katikati ya Wajapani, akarudi na mikanda ya risasi mabegani. Filamu inaonyesha usiku huo katika sehemu ya pili, pamoja na mikono iliyoungua kwa chuma cha moto, jambo ambalo walioishi naye walilisimulia pia. Jua lilipotoka, mbele ya bunduki kulikuwa na miili mingi kiasi kwamba wakati wa mapigano ilibidi kuisogeza ili wapigaji waone. Hilo halipendezi kuandika. Lakini bila hilo mtu hawezi kuelewa Basilone alibeba nini kichwani miaka miwili na miezi karibu minne iliyobaki ya maisha yake.

Mwezi wa tano mwaka wa 1943, Marines wakiwa wanapumzika Australia karibu na Melbourne, alivishwa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya nchi yake. Na hapo maisha yake yakageuka kwa namna ambayo hakuna aliyemwandaa nayo.

Vita vinataka pesa. Serikali ya Marekani ilikuwa inauza kwa raia hati za mkopo wa vita: unatoa dola zako leo, serikali itakurudishia baadaye na faida. Ili watu wanunue, walihitaji kuona uso. Basilone alikuwa kijana mwenye sura nzuri, mtoto wa mshonaji nguo, mkatoliki, mwenye asili ya Italia wakati ambapo Italia ilikuwa adui. Uso kama huo haukuachwa msituni. Alirudishwa nyumbani, akazungushwa mji kwa mji pamoja na waigizaji wa sinema, viwandani, kwenye mahoteli, kwenye majukwaa.

Tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka wa 1943 mji wake wa Raritan ulimfanyia defile. Inakadiriwa watu elfu thelathini walikuja, wengi kuliko wakaaji wote wa mji ule mara kadhaa. Italia ilikuwa imesalimu amri siku chache tu mbele. Kulikuwa na misa, bendi za muziki, hotuba, na gazeti kubwa la picha la Life likaandika juu yake. Picha zipo hadi leo: amekaa juu ya kiti cha nyuma cha gari lililo wazi, anacheka, amezungukwa na watu.

Hapa filamu ina haki kabisa, kwa maoni ya anayeandika haya. Inaonyesha mtu anayepigiwa makofi usiku na asiyelala baadaye. Wenzake waliendelea kufa kwenye visiwa. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule Marines walishuka Tarawa, na katika siku tatu zaidi ya elfu moja wakauawa, huku yeye akiwa analinda ofisi na kutia sahihi kwenye vikaratasi vya mashabiki. Kila jukwaa alitakiwa asimulie tena usiku ule ule. Wanaomkumbuka wanasema alijisikia kama kitu cha maonyesho.

Walitaka kumpa cheo cha ofisa. Akakataa. Walimwambia anaweza kubaki kuwa mwalimu wa vijana, ndani ya nchi, mpaka vita viishe. Akakataa pia. Aliomba kurudishwa kwenye kikosi cha mapigano, akanyimwa, akaomba tena. Mwisho wa mwaka wa 1943 wakamkubalia, akatumwa Camp Pendleton, California, ambako divisheni mpya ya tano ilikuwa inaundwa.

Watu wengi wameandika kwamba alikuwa shujaa asiyeogopa kifo. Jambo hili linanipa shaka. Mtu asiyeogopa kifo hahitaji kufundisha vijana kwa ukali ule: kufungua bunduki wakiwa wamefumbwa macho, kuhama na mzigo mara moja, kutolala pamoja mahali pamoja. Vijana wa Pendleton walikuwa na miaka 18, wengine 17, na walijua jina lake kabla ya kufika. Mmoja wao, Charles Tatum, aliishi hadi uzee na akaandika kitabu juu ya sajenti wake. Kinachoonekana kwake ni mwalimu mwenye wasiwasi wa kweli kwamba wale watoto watakwenda mahali anapopajua na wao hawapajui.

Na kisha Lena. Lena Mae Riggi alikuwa sajenti katika kikosi cha wanawake cha Marines, naye pia wa familia ya Waitalia, binti wa wakulima wa vitunguu karibu na Portland, Oregon. Alikuwa na miaka 31, mkubwa kwa Basilone kwa zaidi ya miaka mitatu. Alifanya kazi kwenye jiko la kambi. Hakuvutwa na nishani. Filamu inatumia dakika nyingi kwa jambo hili, na wapo walioilaumu kwamba imeacha vita ikafuata mapenzi. Nadhani walaumu wamekosea. Kisiwa cha Iwo Jima kiliua karibu Wamarekani 6,800, na hesabu kama hiyo haimgusi mtu aliyekaa mbele ya televisheni. Mwanamke mmoja anayesubiri anagusa.

Walifunga ndoa tarehe 10 mwezi wa saba mwaka wa 1944 katika kanisa la Mtakatifu Maria, Nyota ya Bahari, mjini Oceanside. Mapumziko yao ya arusi waliyafanya shambani kwa wazazi wa Lena, kwenye vitunguu. Baadaye mwaka ule ule kikosi kilipanda meli kuelekea Hawaii, na kutoka Hawaii kwenda mahali ambapo askari hawakuambiwa hadi wako baharini. Ndoa ile ilikaa miezi saba, na sehemu kubwa yake waliikaa mbali mbali.

Wakati wa vita Iwo Jima kilikuwa kisiwa cha kilometa za mraba zipatazo 21. Msomaji wa Bukavu au wa Kalehe afikirie Idjwi: Iwo Jima kingeingia ndani ya Idjwi zaidi ya mara kumi. Jina lake linamaanisha kisiwa cha kiberiti, kile cha volkano chenye kunuka, kwa sababu ardhi yenyewe inatoa moshi na joto. Watu wa Goma wanajua mawe meusi ya Nyiragongo, wanajenga kwayo. Pale Iwo Jima pwani si jiwe gumu. Ni majivu na changarawe nyeusi, laini, inayoteremka kwa ngazi ngazi hadi majini. Ukichimba shimo linajaa. Ukikimbia unazama, na magari yanazunguka magurudumu palepale.

Kisiwa kilikuwa kilometa zipatazo 1,200 kutoka Tokyo, na kilikuwa na viwanja vya ndege. Tena viwanja vya ndege. Jenerali Kuribayashi Tadamichi, aliyekuwa na askari wapatao 21,000, alijua hataokolewa. Alikuwa amewahi kuishi Marekani miaka ya 1920 na alielewa ukubwa wa viwanda vyake. Kwa hiyo aliwakataza watu wake wasikimbilie risasi kwa makundi kama ilivyofanyika Guadalcanal. Aliwachimbisha mahandaki ya kilometa nyingi chini ya kisiwa, yaliyounganisha mizinga, mashimo na hospitali, katika joto ambalo lilimlazimisha mchimbaji atoke baada ya dakika chache. Meli na ndege za Marekani zilikipiga kisiwa mabomu kwa wiki nyingi. Wajapani walikuwa chini.

Tarehe 19 mwezi wa pili mwaka wa 1945, asubuhi karibu saa tatu, Marines wakaanza kushuka. Mwanzoni ilikuwa karibu kimya. Kuribayashi aliacha pwani ijae watu na vyombo, kisha akafungua mizinga yote. Basilone alishuka na kundi C la batayo ya kwanza, rejimenti ya 27, kwenye sehemu iliyoitwa Pwani Nyekundu ya Pili. Vijana walilala kwenye majivu, nyuso chini, wasiweze kwenda mbele wala kurudi. Kulala pale ndiko kulikokuwa kifo chenyewe, maana mizinga ilikuwa imepimwa kupiga pwani hiyo hiyo.

Alisimama. Mashahidi wengi wanakubaliana kwa hilo. Alitembea katikati yao akiwapiga mateke na kuwainua, akawaonyesha ngome ya saruji iliyokuwa inawamaliza. Karatasi ya nishani yake inasema alipanda juu ya ngome hiyo na kuiharibu peke yake kwa magurunedi na baruti. Tatum, aliyekuwa palepale na rashasha yake, anasimulia kazi ya watu kadhaa: bunduki yake ikipiga tundu la ngome ili waliomo wafumbe macho, mwingine akitupa baruti, mwingine akimwaga moto, na Basilone akiwapanga kama mtu apangaye kazi ya ujenzi. Mimi namwamini Tatum. Na kwa sajenti, kuwapanga watu wenye hofu mpaka wafanye kazi moja si jambo dogo kuliko kwenda peke yake.

Baada ya hapo aliongoza kifaru kilichokuwa kimekwama kwenye eneo la mabomu ya ardhini, akitembea kando yake wakati kila silaha ya kisiwa inatafuta kifaru hicho. Akafika ukingoni mwa kiwanja cha kwanza cha ndege. Ilikuwa kabla ya adhuhuri, hata saa mbili hazijapita vizuri tangu aguse mchanga. Hapo akaanguka. Kwa miaka mingi ilisemwa ni kombora la mortie, na ndivyo karatasi za jeshi zinavyosema. Mwanahistoria Hugh Ambrose, aliyeandika kitabu kilichotoka pamoja na filamu, alipendekeza kwamba zilikuwa risasi, shingoni, kwenye kinena na mkononi. Filamu imefuata njia hiyo. Alikuwa na miaka 28.

Siku nne baadaye bendera ya Marekani ilipandishwa juu ya mlima Suribachi, na picha yake ikazunguka dunia. Wengi waliiona picha ile wakadhani kazi imekwisha. Mapigano yaliendelea zaidi ya mwezi mzima, hadi tarehe 26 mwezi wa tatu. Kati ya Wajapani wote wale, wakati vita vinafungwa waliokamatwa hai walikuwa mia mbili na kitu. Mabaki ya maelfu yao yangali ndani ya mahandaki hadi leo, na Japani inaendelea kuyatafuta.

Miezi minne na kitu baadaye bomu la atomiki likaangushwa Hiroshima. Sehemu kubwa ya uranium iliyokuwa ndani yake ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ikachimbwa na mikono ya wachimbaji Wakongo ambao hawakuambiwa ni ya nini. Vita vya bahari ile vilikuwa mbali na sisi, lakini si mbali kiasi tunachodhani.

Basilone alipewa baada ya kufa nishani ya Navy Cross, akawa Marine pekee asiye ofisa aliyepata nishani hizo mbili katika vita hivyo. Amezikwa kwenye makaburi ya taifa ya Arlington. Raritan ilimjengea sanamu ameshika rashasha, na kila mwezi wa tisa mji bado unafanya defile kwa jina lake. Meli ya kivita ilipewa jina lake mwaka wa 1945, na nyingine mpya yenye jina hilo ikaingia kazini mwaka wa 2024.

Ile ya kwanza iliingizwa majini mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1945, na aliyeibariki kwa kuivunjia chupa alikuwa Lena. Hakuolewa tena. Alibaki California, akafanya kazi, akazeeka, akafariki mwaka wa 1999 akiwa na miaka 86, akazikwa huko huko Riverside.